MWETHYA: JINSI WAKAMBA WALIVYOUPONYA UDONGO WAO

Msafiri atokaye mjini Machakos akaelekea milima ya Mbooni huona pande zote mbili za njia mashamba yaliyokatwa kama ngazi, tuta juu ya tuta, tangu bondeni hata karibu na vilele vya milima. Juu ya matuta pana majani ya kulisha ng'ombe, na katika kila kidato cha ngazi pana mahindi, maharagwe, kunde au kahawa. Mgeni asiyejua habari za nchi hiyo aweza kudhani kwamba milima ilikuwa hivyo tangu kuumbwa kwake. Sivyo. Kila ngazi ilichimbwa kwa jembe na sururu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mikono ya wanawake waliokusanyika katika vikundi viitwavyo mwethya.

Yafaa habari hii isomwe na kila mwenye shamba mteremkoni, kwa kuwa ina jambo moja kubwa la kufundisha. Udongo hauwezi kulindwa na mtu mmoja peke yake, wala hauwezi kulindwa kwa fimbo. Hulindwa na majirani waliokubaliana.

MAJI HAYAJUI MPAKA

Kabla ya kueleza yaliyotokea Ukambani, imepasa kwanza kufahamu jinsi udongo unavyopotea. Nchi ya Machakos ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Mvua za vuli huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, baada ya miezi mingi ya kiangazi. Wakati huo majani yamekwisha kuliwa na mifugo, na ardhi i wazi. Tone la mvua likianguka juu ya ardhi iliyo wazi huupiga udongo na kuuvunja uwe chembe ndogo ndogo. Chembe hizo huziba matundu ya ardhi, na maji, yakikosa njia ya kuingia chini, huanza kuteremka. Maji yateremkayo polepole huchukua udongo kidogo. Yakizidi mwendo huchukua mwingi, na mwishowe hukata makorongo. Udongo wa kwanza kuondoka ni ule wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Unaobaki ni changarawe na udongo mgumu usiozaa kitu.

Chukua mfano wa mteremko mmoja wenye mashamba manne, kila moja na mwenyewe. Mwenye shamba la chini kabisa ni mtu wa bidii, naye amechimba matuta mazuri. Wale watatu walio juu yake hawakuchimba kitu. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mashamba yote matatu yatakusanyika na kumshukia yeye. Yataujaza mfereji wake, yatalivunja tuta lake, na kazi ya mwezi mzima itaharibika kwa saa moja. Mtu huyo alikuwa na bidii, alikuwa na jembe, na alikuwa na maarifa. Lililomponza ni kuwa peke yake. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na katika kazi ya kulinda udongo neno hilo ni kweli tupu. Maji hayajui mpaka wa shamba la fulani na fulani. Kwa hiyo ulinzi wa mlima lazima uanzie juu, na wote wenye mashamba katika mteremko ule washiriki.

NCHI ILIYOKUWA IKIFA

Katika miaka ya 1930 Wakamba wa Machakos walikuwa katika shida kubwa. Hesabu yao mwaka 1932 ilikuwa kama watu 240,000, na mifugo yao ilikuwa mingi, lakini hawakuwa na mahali pa kuhamia. Mashamba makubwa yalikuwa yamekatiwa walowezi wa Kizungu, na sehemu nyingine, kama vile Yatta, zilihesabiwa kuwa ardhi ya Serikali, wala Wakamba hawakuwa huru kuwachunga ng'ombe wao huko. Zamani shamba lililochoka liliachwa likapumzika, na mwenyewe akalima mahali pengine. Sasa shamba lile lile lililimwa mwaka hata mwaka. Pamoja na hayo nzige wakaja, na mvua zikakosekana. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa Serikali aliyechunguza habari za udongo, alitoa taarifa akisema kwamba nchi ya Machakos ilikuwa ikigeuka kuwa jangwa la mawe na mchanga, na kwamba watu wake walikuwa wakielekea umaskini usio na tumaini.

Serikali ya kikoloni iliona kwamba kosa ni wingi wa ng'ombe, ikaamuru wapunguzwe kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe wengi walichukuliwa na kuuzwa kwa bei ndogo. Walakini kwa Mkamba ng'ombe alikuwa akiba yake, mahari ya mwanawe, na kinga ya nyumba yake mwaka wa njaa. Mwezi wa Julai mwaka huo Wakamba wengi sana, wanaume kwa wanawake pamoja na watoto, walikwenda Nairobi wakaomba kuonana na Gavana, wakakaa huko kwa majuma. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishwa kupelekwa Lamu. Hata hivyo Serikali ililazimika kuiacha amri ile kabla ya mwaka kwisha.

Wakamba walikuwa wameshinda katika habari ya ng'ombe, lakini mvua za mwaka uliofuata ziliukuta udongo vile vile, hauna kinga.

AMRI PASIPO RIDHAA

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, Serikali ilileta mpango wa kuendeleza ardhi katika nchi za Waafrika, na matuta yakawa kazi kubwa katika mpango huo. Watu waliamrishwa kutoka asubuhi kadhaa katika kila juma kwenda kuchimba, wakisimamiwa na machifu na wasaidizi wao, na asiyefika aliadhibiwa. Matuta ya wakati huo yalikuwa membamba, na udongo uliotoka mferejini ulitupwa upande wa chini. Yalichimbwa kwa haraka, na kwa haraka hiyo hiyo mengi yalijaa mchanga au kuvunjwa na mvua. Tena mtu aliyechimba kwa kuogopa adhabu hakurudi kutengeneza palipovunjika, maana moyoni mwake tuta lile lilikuwa mali ya Serikali.

Huko Murang'a mambo yalizidi. Mwaka 1947 watu waliikataa kazi hiyo, na mwaka 1948 wanawake waliandamana kuipinga. Hakuna aliyependa kuona udongo wake ukienda na maji. Lakini mtu aliyenyimwa nafasi ya kulima kwingine, kisha akaamrishwa kuchimba bila kuulizwa, huona kwamba anatumikishwa juu ya ardhi yake mwenyewe. Kazi ya namna hiyo haidumu, hata kama ni kazi njema.

MWETHYA WAREJEA

Mabadiliko yalikuja Ukambani kwa njia ya desturi ya zamani. Tangu kale Wakamba walikuwa na mwethya, yaani kualikana kazi. Mwenye kazi kubwa, kama kujenga nyumba au kuvunja shamba jipya, aliwaita majirani na jamaa zake, akawapikia chakula, nao wakamsaidia kazi yake. Siku nyingine ikawa zamu ya mwingine. Wakikuyu wana desturi kama hiyo iitwayo ngwatio, na Waluo wana saga. Katika miaka ya 1950 mwethya ulianza kutumiwa kwa kazi ya matuta. Kila kikundi kilijichagulia viongozi, kikapanga siku za kazi, kikaamua shamba la nani litangulia na la nani litafuata. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wameajiriwa Nairobi na kwingineko, wengi wa wanachama walikuwa wanawake, na hata viongozi walikuwa wanawake.

Tofauti yake na ile kazi ya amri ilionekana upesi. Mama aliyechimba leo katika shamba la jirani alijua kwamba juma lijalo majirani wote watakuja kwake. Mvivu hakuhitaji askari wa kumtafuta; wenzake walimjua kwa jina, na alijua kwamba zamu yake ikifika atawahitaji.

Jambo la pili lililoleta mabadiliko ni faida. Miongoni mwa askari waliorudi kutoka vitani walikuwamo walioona matuta mapana ya ngazi huko India, ambayo hulimwa mboga mwaka mzima. Matuta ya namna hiyo yalichukua kazi nyingi zaidi kuliko yale membamba, lakini yalishika maji, na aliyeyachimba aliweza kulima mboga za kuuza. Wakamba waliporuhusiwa kupanda kahawa katika miaka hiyo ya 1950, kahawa nayo ilitakiwa kupandwa katika matuta ya ngazi. Mtu akavuna, akauza, na jirani yake akaona. Tangu hapo watu walianza kuyaita matuta yao wenyewe.

Baada ya Uhuru mwaka 1963 watu wengine waliyaacha matuta kwa muda, kwa kuwa yaliwakumbusha amri za zamani. Lakini haukupita muda mrefu wakayarudia, pasipo kulazimishwa na mtu. Picha zilizopigwa kutoka katika ndege mwaka 1948, 1961 na 1978 zaonyesha jinsi matuta yalivyoenea, hata kufikia 1978 sehemu kubwa ya mashamba yaliyolimwa ilikuwa nayo. Kufikia mwaka 1989 hesabu ya watu wa Machakos, pamoja na sehemu iitwayo sasa Makueni, ilikuwa imekaribia 1,400,000, yaani karibu mara sita ya ile ya 1932. Mwaka 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu walichochunguza ndani yake habari za miaka sitini. Walionyesha kwamba ingawa watu waliongezeka kiasi hicho, udongo ulipotea kidogo kuliko zamani, miti iliongezeka, na mavuno kwa hesabu ya kila mtu yalizidi yale ya miaka ya 1930. Nchi iliyodhaniwa kwamba imekufa ilikuwa hai.

NAMNA YA KUCHIMBA FANYA JUU

Tuta lililoenea zaidi Ukambani huitwa fanya juu, kwa sababu udongo hutupwa upande wa juu wa mfereji. Jina hilo la Kiswahili limevuka mipaka ya Kenya, na hutumiwa na wataalamu wa udongo katika nchi nyingi. Kazi yenyewe hufanywa hivi.

Kwanza, wenye mashamba katika mteremko mmoja wakutane na kukubaliana. Kisha kazi ianze juu. Juu kabisa ya mashamba uchimbwe mfereji wa kukinga maji yatokayo mlimani au barabarani, uyapeleke polepole mahali penye majani mengi au mwamba, yasipoweza kukata korongo. Mfereji huo ukisahauliwa, matuta yote ya chini yamo hatarini.

Pili, mstari wa tuta upimwe. Zatakiwa fito mbili za urefu mmoja, kamba ya mita 10 hivi, na pimamaji ndogo kama watumiayo waashi. Kamba hufungwa kila mwisho katika ufito, kwa kimo kilicho sawa, na pimamaji hutundikwa katikati yake. Mtu mmoja husimama na ufito wake mahali pa kuanzia. Wa pili husogea juu au chini ya mteremko mpaka tone la hewa katika pimamaji litulie katikati. Hapo miguu ya fito iko sawa, na kigingi hupigwa. Kisha huendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa shamba. Asiwepo mtu wa kudhani kwamba jicho latosha. Mstari ulioinama hata kidogo hukusanya maji yote mahali pamoja, na hapo ndipo tuta litakapovunjika. Mteremko ukiwa mkali, matuta yawe karibu karibu. Ukiwa wa polepole, yaweza kuachana.

Tatu, mfereji uchimbwe upana wa kama futi 2, yaani sentimita 60, na kwenda chini kiasi hicho hicho. Udongo wote utupwe upande wa juu, ufanye tuta. Kati ya tuta na ukingo wa mfereji iachwe nafasi ndogo, ili udongo usirudi mferejini mvua ikinyesha.

Nne, juu ya tuta yapandwe majani, kama ya makarikari au ya tembo. Mizizi yake hulishika tuta, na majani yenyewe hulisha ng'ombe wa maziwa nyumbani. Tuta lisilo na majani ni nusu ya kazi.

Tano, baada ya kila msimu tuta litazamwe, palipovunjika pazibwe, na udongo uliojaa mferejini urudishwe juu. Kwa kufanya hivyo miaka kadha wa kadha, udongo utokao juu hujikusanya nyuma ya tuta, na shamba lililokuwa limeinama huwa tambarare, kidato kwa kidato.

UKUTA UNAOSHIKA MCHANGA

Majirani walioweza kushika udongo waliona kwamba waweza kushika maji pia. Mito mingi ya Ukambani hupita maji kwa siku chache tu wakati wa mvua, kisha hukauka na kubaki mchanga mtupu. Tangu zamani wanawake walijua kufukua mchanga huo ili kupata maji yaliyojificha chini. Wakati wa kiangazi kikali walilazimika kufukua zaidi na zaidi, na kutembea mbali zaidi.

Dawa yake ni ukuta wa mawe na saruji unaojengwa kukatiza mto, juu ya mwamba imara. Mvua zikija, mto huleta mchanga na tope. Mchanga ulio mzito hutua nyuma ya ukuta, na tope lililo jepesi hupita juu yake likaenda zake. Baada ya misimu michache nafasi yote nyuma ya ukuta hujaa mchanga, na katikati ya chembe za mchanga huo hukaa maji, ambayo kiasi chake chaweza kuwa robo ya mchanga wote au zaidi. Mgeni akiutazama hudhani kwamba bwawa limeharibika. Lakini maji yaliyo ndani ya mchanga hayanyonywi na jua kama maji yaliyo wazi, mbu hawazai humo, wala ng'ombe hawayachafui kwa miguu. Kando ya ukuta huchimbwa kisima, au bomba hutiwa, na watu huteka maji yaliyochujwa na mchanga.

Kuta za namna hii zimejengwa Ukambani tangu miaka ya 1950, na baadaye vikundi vya wananchi vimeongeza nyingine nyingi. Huko Utooni, katika sehemu ya Kola, Joshua Mukusya na majirani zake walianza kazi ya namna hiyo mwaka 1978. Desturi ya vikundi hivi ni kwamba saruji na fundi hupatikana kwa msaada, na wanakikundi wenyewe huleta mawe, mchanga, maji na nguvu za mikono. Kazi ya kubeba mawe ni nzito, lakini kila mmoja ajua jiwe lake liko wapi.

Ni lazima pia milima iliyo juu ya mto iwe na matuta. Mlima usio na matuta huleta tope jingi kuliko mchanga, na ukuta uliojaa tope haushiki maji ya kutosha. Hivyo tuta la juu na ukuta wa chini ni kazi moja.

HATARI ILIYOBAKI

Mchanga ule ule unaoshika maji watakiwa sana mijini kwa kujengea nyumba. Malori yameingia katika mito ya Machakos na Makueni kuchukua mchanga wa kupeleka Nairobi. Vijana wasio na kazi hulipwa fedha kidogo kuyapakia, na mto hubaki mwamba mtupu. Mama aliyekuwa akiteka maji karibu na nyumbani hulazimika tena kwenda mbali na punda na madebe. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake. Sheria hiyo ni msaada mkubwa. Lakini lori huja usiku, na mwenye kulisikia ni yule akaaye kando ya mto.

Hapa ndipo somo la matuta linaporudi. Ng'ombe, tuta na mchanga vimekuwa na habari moja. Amri peke yake haikutosha kuulinda udongo mwaka 1948, wala haitatosha kuulinda mchanga leo. Kijana anayepakia lori huenda ni mtoto wa mama yule yule aliyebeba mawe ya ukuta. Ikiwa yeye hana faida yoyote katika ukuta ule, ataendelea kupakia. Ikiwa ana bustani ya mboga kando ya kisima, atakuwa wa kwanza kuamka usiku. Kikundi chenye hekima kitamtafutia bustani hiyo mapema.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA VIKUNDI

1. Katika mteremko wenu, maji ya mvua huanzia shamba la nani, na huishia la nani? Je, wenye mashamba hayo wamewahi kukaa pamoja?

2. Kwa nini matuta yaliyochimbwa kwa amri yalivunjika, na yale ya mwethya yakadumu?

3. Kwa nini kazi ya matuta ianze juu ya mlima na isianze chini?

4. Ni nani katika kijiji chenu asiyepata faida katika ulinzi wa ardhi na maji, na kikundi chaweza kumpa sehemu gani?